Bastola mbili za babu kwenye sanduku la bati: nisaidieni kuzitambua kabla hazijaenda polisi

#1 Mjukuu wa Magomeni

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Babu yetu mzaa baba alitangulia mbele za haki mwaka jana. Arobaini ilipopita tukafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, baba mdogo akateuliwa msimamizi. Wiki hii tulikuwa tunapanga vitu vya chumbani kwake hapa Magomeni Mapipa, tukafungua sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Chini kabisa ya mashuka kulikuwa na kitambaa cha kaki kimefungwa kamba ya katani, na ndani yake bastola mbili za zamani, zile revolva zenye silinda inayozunguka. Risasi hatukuona hata moja. Tumerudisha vilevile, chumba kimefungwa, ufunguo anao baba mdogo.

Ya kwanza ni kubwa, nyeusi, mpini wa plastiki ngumu, na kitakoni ina pete ya kufungia kamba. Nyundo yake haina ile ncha ya kuvutia kwa dole gumba, imekatwa laini kabisa. Upande wa kulia wa fremu kuna taji, chini yake ENFIELD, halafu No. 2 Mk I na kinyota, halafu mwaka 1938.

Ya pili ni fupi, nene, imeliwa na kutu, mpini wa mbao wenye mikwaruzo ya kuchongwa. Haina jina la kiwanda popote. Kwenye silinda kuna kiduara kirefu chenye herufi E, L, G na kitu kama taji juu yake. Pembeni kuna herufi ndogo yenye nyota, na kwenye mtutu kuna R yenye taji.

Nyumbani tumekua tukisikia kwamba babu alirithi "bastola ya Mjerumani" kutoka kwa baba yake, aliyekuwa mpagazi kwenye vita vya 1914 huko Tabora. Babu mwenyewe alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge Morogoro kabla ya kuhamia Dar.

Baba mdogo anataka zikabidhiwe polisi, na mimi nakubaliana naye. Ila kabla hazijatoka nyumbani natamani tujue ni za wapi, za lini, na ilikuwaje zikafika kwa mzee wetu. Picha nimeweka, namba nimezifunika. Sitafuti mnunuzi.

---

#2 Kijana wa Mbagala

Pole na msiba mkuu. Hiyo yenye kutu chukua msasa laini na dizeli kidogo, sugua taratibu, maandishi yatatokea yote. Mimi nimesafisha vyuma vingi vya zamani hivyo hivyo.

---

#3 Mzee wa Keko

Mjukuu, poleni sana na msiba wa mzee. Kijana wa Mbagala nakuheshimu, lakini msasa hapana. Tena hapana kabisa.

Nimefanya kazi ya ufundi silaha jeshini mpaka kustaafu, na silaha za Mwingereza nimezishika nyingi tangu nikiwa kijana. Alama iliyogongwa kwenye chuma ina kina kidogo mno, pengine hata unene wa karatasi haufiki. Ukipitisha msasa mara chache, ile E, L, G inakuwa bapa, na hakuna mtu duniani atakayeirudisha. Kuna na jambo la pili, zito zaidi: silaha iliyosuguliwa sehemu ya namba, mpelelezi akiiona atajua moja kwa moja kwamba kuna mtu alitaka kuificha. Utaanza kujieleza kwa kitu ambacho hukukusudia. Kama mnataka kusoma alama, washeni tochi ya simu na muilaze ubavuni mwa chuma ili mwanga upite juu juu. Kivuli kitajaa ndani ya mfuo wa kila herufi na mtaisoma. Vumbi litolewe kwa kitambaa kikavu, basi.

Na msiishike zaidi ya lazima. Kutoona risasi sandukuni hakumaanishi silinda ni tupu. Fundi silaha anayejua kazi yake huhesabu kila silaha kuwa imejaa mpaka afungue aone mwanga upande wa pili wa kila tundu. Ninyi msifungue. Mwacheni polisi afungue.

Sasa nianze na ile kubwa, maana hiyo imejitaja yenyewe.

Ni Enfield No. 2 Mk I yenye nyota, revolva ya jeshi la Uingereza, iliyotengenezwa na kiwanda cha serikali cha Enfield, kaskazini mwa London. Historia yake ni hii. Kwenye vita ya kwanza Waingereza walikuwa na Webley Mk VI ya kaliba .455 (kaliba ni upana wa tundu la mtutu, hapa kwa inchi), iliyoanza 1915. Silaha nzito ile, kilo moja na ushee, na teke lake lilimsumbua askari aliyefundishwa kwa haraka. Baada ya vita wakataka nyepesi zaidi, wakachagua risasi ya .38 yenye kichwa kizito cha greni 200, kama gramu 13. Kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham ikawaonyesha mfano wake, serikali ikauchukua mfano, ikaurekebisha, ikatengeneza yenyewe Enfield, na kuipitisha rasmi 1932. Webley walilalamika kwa miaka, mwishoni wakalipwa pauni 1,250. Ndiyo maana hata leo mtu asiyezoea akiona Enfield na Webley Mk IV pamoja anaona pacha.

Zote mbili hukunjuka katikati. Kuna kitasa juu upande wa kushoto, ukikibonyeza mtutu unainama mbele na chombo cha katikati ya silinda kinasukuma maganda yote sita nje kwa pamoja.

Ile nyundo isiyo na ncha ndiyo maana ya kinyota. Mk I ya mwanzo ilikuwa na ncha. Mwaka 1938 wakaiondoa, na sababu inayotajwa zaidi ni askari wa vifaru, kwamba ilikuwa inanasa mle ndani wanapoingia na kutoka. Tangu hapo unavuta kifyatulio tu, kwa nguvu ya kutosha, huwezi kuvuta nyundo nyuma kwanza. Bastola nyingi za zamani nazo zilirudishwa karakana zikakatwa ncha na kugongewa nyota. Kwa hiyo 1938 kwa nyota inaweza kuwa ilizaliwa hivyo, inaweza pia kuwa ilibadilishwa baadaye. Tazameni kama kinyota kimekaa sawa na maandishi mengine au kimepinda. Kilichopinda kwa kawaida kiligongwa na mkono mwingine, siku nyingine.

Hiyo si ya 1914. Haiwezi kuwa. Kama nyumbani kuna hadithi ya mpagazi, basi itafuteni kwenye ile ndogo.

Jambo moja nataka mniangalizie kwenye ile kubwa: kuna kialama cha mshale wenye vidole vitatu, kama unyayo wa kuku? Na je, kuna mishale miwili iliyogusana ncha?

---

#4 Mjukuu wa Magomeni

Shikamoo mzee, na ahsante sana. Nimezoom picha. Unyayo mmoja upo juu ya fremu, na karibu na mtutu kuna miwili inayotazamana ncha kwa ncha. Kinyota kimeegemea pembeni kweli, hakiko mstari mmoja na "Mk I". Pia kwenye mtutu kuna taji na herufi mbili ndogo, nadhani BV, na nyingine NP.

---

#5 Mzee wa Keko

Marahaba. Hapo umenipa kitu kikubwa kuliko jina la kiwanda.

Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Iko kwenye bunduki, kwenye darubini, kwenye masanduku, kila kitu chao. Mishale miwili iliyotazamana maana yake serikali imeiuza, imetoka kwenye vitabu vyao kihalali. Na hizo BV na NP zenye taji ni alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1813. Uingereza huwezi kumuuzia raia silaha ambayo haijapigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kupita ya kawaida na kugongewa muhuri. Silaha ya jeshi ikiwa bado jeshini haina haja ya mihuri hiyo ya kiraia. Ikitoka kuuzwa, lazima.

Kwa hiyo bastola hii ilitoka jeshini, ikapita Birmingham, ikauzwa kwa raia. Haikuporwa vitani wala haikuibwa kambini. Mtu aliinunua. Na Tanganyika ya miaka ya 50, raia wa kununua revolva walikuwa mameneja wa mashamba, mabwana nyama, wafanyabiashara wenye mishahara ya kubeba. Babu yako alikuwa karani wa stoo kwenye mkonge. Wazungu wengi waliondoka miaka ya 60, na mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha. Siwezi kukwambia nani alimpa nani, chuma hakisemi hivyo. Lakini njia ya kutoka kwa meneja kwenda kwa karani aliyeaminiwa na funguo za stoo ni fupi.

Hapo ndipo ninapotaka mfanye kazi: tafuteni karatasi. Mtu aliyefunga bastola kwa kamba namna hiyo ni mtu wa kutunza. Leseni za enzi zile zilikuwa zinaandikwa aina ya silaha, kaliba na namba. Pekueni Korani au Biblia yake, mifuko ya makoti, bahasha za risiti za nyumba, kila mahali.

---

#6 Unyanyembe

Wakuu, mimi ni wa Tabora, nimevutiwa na hiyo ya mpagazi. Kwetu vita ile Wabelgiji ndio walioingia mjini, siyo Waingereza. Walitokea Kongo, wakachukua Kigoma Julai 1916, Tabora wakaingia Septemba 19. Wazee wetu walikuwa wakisimulia kupagazwa na Mjerumani, halafu akaja Mbelgiji akawapagaza hao hao. Hiyo ELG si ya Kibelgiji kweli?

---

#7 Mzee wa Keko

Ndugu wa Unyanyembe, umepiga palepale.

E, L, G ndani ya kiduara kirefu ni muhuri wa majaribio wa mji wa Liège, Ubelgiji. Watu wengi wakiona herufi hizi wanadhani ni jina la mtengenezaji. Siyo. Liège ulikuwa mji wa mafundi bunduki, karakana ndogo ndogo zisizohesabika. Mmoja anachonga mtutu, mwingine silinda, mwingine anaunganisha, na kazi nyingi zilitoka bila jina kabisa, kwa sababu mfanyabiashara wa Antwerp au Hamburg au Zanzibar ndiye atakayeuza. Jina hakuna, muhuri upo. Sheria ilimlazimisha kila mmoja kupitisha kazi yake kwenye nyumba ya majaribio.

Taji juu ya kile kiduara liliongezwa 1893. Kwa hiyo si ya kabla ya hapo. R yenye taji ni ya mtutu wenye mifuo ya ndani inayozungusha risasi. Na herufi ndogo yenye nyota ni ya mkaguzi aliyesimamia. Kuanzia 1922 Liège waliongeza na herufi ya mwaka. Mjukuu, kama kweli hamwoni herufi nyingine ya peke yake, basi tuko kati ya 1893 na 1922. Kutu ikiruhusu, tafuteni tena chini ya silinda.

Umbo unalolisema, fupi, nene, mpini wa mbao uliopinda, ni lile linaloitwa Bulldog. Webley walilianzisha 1872, Wabelgiji wakaliiga kwa wingi kupita kiasi na kulisambaza dunia nzima. Ubavuni kulia pana kilango kidogo: unakifungua, unaingiza risasi moja, unazungusha, unaingiza nyingine. Maganda unayatoa kwa kijiti, moja moja.

Sasa kuhusu "Mjerumani". Ningekuwa nashika revolva ya jeshi la Mjerumani, ningetegemea modeli ya 1879 au ya 1883, ya milimita 10.6, kubwa, zito, lenye kitasa cha usalama ubavuni kushoto, na mihuri ya Erfurt au majina ya mafundi wa Suhl. Ingekuwa ya Kijerumani ya kiraia ningeona taji na herufi U, taji na G, kwa sheria yao ya 1891. Hapa hakuna hata moja. Bastola hii imetengenezwa Ubelgiji.

Lakini hadithi ya nyumbani msiitupe. Bastola ya Liège iliuzwa kila bandari ya Afrika Mashariki kabla ya vita. Mjerumani mwenye duka, mmisionari, mwindaji, yeyote angeweza kuwa nayo mfukoni, kisha ikaitwa "ya Mjerumani" kwa sababu mwenyewe alikuwa Mjerumani. Au ilikuja na Wabelgiji 1916 na watu wakachanganya. Muhuri unatwambia ilikotoka. Nani aliibeba hadi Tabora, hilo linabaki kwenu.

Na hii ndogo ndiyo ninayoiogopa zaidi kati ya mbili. Silaha nyingi za namna hii zilichongwa kwa baruti nyeusi ya zamani. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inasukuma kwa nguvu nyingine kabisa. Chuma cha miaka 100 na zaidi, kutu ndani ya silinda, halafu risasi isiyo yake: kinachopasuka ni silinda, na iko sentimita chache kutoka kwenye uso wako. Naisema kwa sababu kila mara katika ukoo hutokea kijana wa kutaka "kujaribu kama bado inalia".

---

#8 Binti Kigamboni

Shikamoo mzee. Naomba na mimi uniangalizie yangu, nimeona niulize humu kuliko kufungua uzi mwingine. Marehemu baba yake mama alikuwa polisi kuanzia miaka ya 50. Ameacha revolva ambayo silinda yake inatokeza pembeni. Juu ya mtutu imeandikwa SMITH & WESSON na tarehe tatu, ya mwisho ni DEC. 29.14. Mjomba anasema ni ya 1914, vita ya kwanza. Chini ya kitako kuna pete, na namba inayoanza na V. Leseni yake ipo, imeisha muda zamani.

---

#9 Mzee wa Keko

Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba wako hizo ni tarehe za hataza, yaani siku walizosajili ugunduzi wao ili usiigwe. Ya mwisho ni Desemba 29, 1914. Waliendelea kuzigonga juu ya mitutu kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo zinakwambia tu kwamba bastola haikutengenezwa kabla yake. Kosa hili lipo kila mahali, hasa kwenye silaha za Kimarekani.

Kinachokupa umri ni ile V. Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts, walianza kuweka V mbele ya namba mwaka 1942, V ya ushindi, na bastola yenyewe ikaitwa Victory. Marekani iliwapa Uingereza na makoloni yake silaha hizi kwa maelfu, chini ya sheria ya kukopesha zana ya Machi 1941. Nyingi zilikuwa za risasi ileile ya .38 ya Mwingereza. Tazama juu ya fremu, ile paa iliyo juu ya silinda: kama ni ya mpango ule kuna uwezekano mkubwa ukakuta UNITED STATES PROPERTY. Baada ya vita ziliendelea kutumika miaka mingi kwenye polisi za makoloni, kwa hiyo kuwa mkononi mwa askari wa miaka ya 50 si ajabu hata kidogo.

Namba ya kweli ni ile ya chini ya kitako, nayo hurudiwa nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Ukifungua silinda utakuta namba nyingine kwenye ule mkono unaoishika. Hizo ni za kiwandani za kuunganishia, usizinakili kwenye fomu. Colt ndiyo inayoweka namba yake sehemu ile, na watu huchanganya. Njia rahisi ya kuzitofautisha kwa macho: kitasa cha Smith & Wesson husukumwa mbele, cha Colt huvutwa nyuma.

Kitu kimoja cha hatari kuhusu yako. Nyingi za hizi zilitobolewa upya baada ya vita ili zikubali risasi ya .38 Special, iliyo ndefu na nyembamba kidogo. Matokeo yake ganda linavimba, wakati mwingine linapasuka ndani. Kwa macho ya mtu asiyezoea si rahisi kujua kama yako ilitobolewa. Na kwa sababu leseni imeisha na mwenyewe hayupo, ungana na Mjukuu, hatua ni moja.

---

#10 Tabata Kimanga

Mzee nakupa heshima zako, elimu hii haipatikani. Ila tuseme ukweli, watu wanaogopa. Ukienda kituoni ukasema una bastola mbili nyumbani unatoka vipi? Wapo wanaoona bora kutupa baharini usiku. Na je, ukishajua ni ya 1893 si inakuwa kitu cha kale? Kule Marekani ya zamani hivyo hawaulizi.

---

#11 Wakili Upanga

Nijibu hili kwa sababu ndilo litakalomgharimu mtu.

Marekani wana kanuni yao kwamba silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 ina hesabu tofauti. Ni sheria yao, inaishia kwao. Hapa tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015. Leseni ni ya mtu aliyepewa, haiingii kwenye mgao wa mirathi pamoja na nyumba na shamba. Kukutwa na silaha bila leseni ni kosa ambalo kwa kawaida hushtakiwa kama uhujumu uchumi, na wote mnajua dhamana ya kesi hizo ilivyo ngumu. Usimwambie askari kwamba ni kitu cha kale ukitegemea hilo likuokoe.

Kutupa baharini ni kubaya mara mbili. Kama kuna leseni ya babu kwenye kumbukumbu za polisi, silaha hiyo inahesabika ipo, na siku moja wataiuliza familia. Na kama mvuvi wa Kunduchi akiinasa kwenye wavu, umemwachia mwenzio kesi.

Njia ninayowashauri wateja wangu: usiibebe. Usiweke kwenye begi ukapanda daladala kuipeleka kituoni, hata kama nia yako ni njema, maana ukisimamishwa njiani hapo nia hupimwa mahakamani. Msimamizi wa mirathi aende mikono mitupu na barua yake ya uteuzi, cheti cha kifo, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Aonane na mkuu wa kituo mwenyewe. Aeleze: tumekuta, iko chumba fulani, imefungwa, hatujaigusa, tunaomba mje. Ichukuliwe taarifa, apewe namba ya RB. Wakija, makabidhiano yaandikwe: aina, namba, hali, nani ametoa, nani amepokea, mashahidi. Nakala ibaki kwenye jalada la mirathi. Wakili akiwepo ni vizuri zaidi.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na serikali yetu imewahi kutangaza dirisha la namna hiyo. Likitangazwa, ni nafasi nzuri. Lakini msimamizi ambaye ameshajua silaha ipo asikae miezi akisubiri Septemba. Kuchelewa ndiko kunakoleta maswali.

Anayetaka kubaki nayo kihalali aombe leseni yake mwenyewe, apimwe kama muombaji yeyote, na silaha ikae polisi wakati huo.

---

#12 Mwenge Mpakani

Mzee wa Keko, thamani yake ikoje? Kuna jamaa zangu wanatafuta vitu vya namna hii.

---

#13 Mzee wa Keko

Ndugu yangu, mjukuu ameshasema hatafuti mnunuzi. Na wewe uwaambie jamaa zako wasijitokeze humu. Enfield za vita zilitengenezwa kwa wingi mno, hata kiwanda cha magari cha Albion kule Glasgow kiliingizwa kutengeneza kuanzia 1941. Bulldog za Liège zisizo na jina ndiyo usiseme. Hizi zina thamani kwa familia ya yule mzee. Mtu anayekuja kuulizia bei ya bastola isiyo na leseni, kwa kawaida hataki kuiangalia kabatini.

Wote mnaoweka picha: funikeni namba, na msiweke picha inayoonyesha chumba wala geti.

---

#14 Mjukuu wa Magomeni

MREJESHO.

Wakuu, tumepata karatasi. Shangazi ndiye aliyeikumbuka: babu alikuwa na bahasha ya hati za kiwanja nyuma ya picha ya ukutani. Ndani yake pana leseni ya 1962, jina lake kamili, revolva moja, .38, Enfield, na namba. Baba mdogo amelinganisha na picha, tarakimu zote zinafanana. Ile ndogo haimo kwenye leseni, haimo popote.

Shangazi ameongeza kwamba hii kubwa babu alikuwa akitembea nayo siku za kuchukua mishahara ya vibarua benki Morogoro. Hatukuwahi kulisikia hilo. Aliyempa hakumtaja.

Jana baba mdogo alikwenda kituoni na mwenyekiti wa mtaa kama Wakili alivyoeleza. Mkuu wa kituo aliwasikiliza vizuri, akatuma askari wawili pamoja na mmoja wa kitengo cha silaha. Yule wa silaha alivaa glovu, akafungua ile kubwa kwa kitasa kama mzee alivyosema, ilikuwa tupu. Ile ndogo silinda imeganda kwa kutu, akasema wataifungulia kwao. Tumesaini makabidhiano, nakala tunayo, leseni ya 1962 wamepiga picha wakaturudishia.

Baba mdogo ameandika pia barua kuomba kwamba ile ya Liège, ikishathibitishwa haifai kutumika, ifikiriwe kupelekwa Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert. Ameambatanisha maelezo ya Mzee wa Keko neno kwa neno. Jibu bado.

Swali la mwisho, mzee. Askari wa silaha alipoigeuza ile ndogo tuliona alama nyingine kwenye fremu, mbele ya kifyatulio. Ni kama nguzo imesimama juu ya ngazi. Nayo ni ya mkaguzi?

---

#15 Mzee wa Keko

Mmefanya vizuri, na mpe baba mdogo pongezi zangu. Hiyo leseni itunzeni pamoja na hati ya makabidhiano, msizitenganishe.

Nguzo juu ya ngazi ni perron, mnara ulioko sokoni Liège, alama ya mji wenyewe. Nyumba yao ya majaribio huigonga kuonyesha kwamba mkaguzi aliitazama silaha ikiwa imekamilika, fremu na mitambo yake. Ni ya Liège moja kwa moja, inakubaliana na ELG. Ongezeni hilo kwenye barua ya makumbusho, pamoja na mahali ilipogongwa. Na mkijibiwa, mwandike jibu hapa hapa.